Namna ya Kumhadaa Sahibu Bila ya Kumpoteza

Ewe mwanafunzi usomaye mjini Voi, au Mwatate, au juu milimani Wundanyi ambako watoto huenda shule ndani ya ukungu ilhali wenzao wa bondeni wamekwisha kutoka jasho, mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya zile dakika chache za mapumziko ya saa nne ambapo mpira umeshikwa na wakubwa, kamba ya kuruka imeshikwa na wasichana wa darasa la juu, nawe umebaki chini ya mti pamoja na sahibu wako asiyekushuku kwa lolote. Sanaa ndogo ya kuhadaana kwa mapenzi huishi katika dakika hizo, na ingawa wazee wengi huihesabu kuwa ni utundu mtupu, mimi naihesabu kuwa ni sehemu ya malezi, yenye kanuni zake na maarifa yake, na yenye mipaka ambayo katika mji wetu huu ni mikali kuliko ya miji mingine, kwa sababu nitakazozieleza mahali pake.

Kabla ya kuchagua hila, mchague mtu. Asiwe mgeni aliyehamia shuleni juzi, maana yeye bado hajui nani ni nani, na mzaha wa kwanza apatao huuchukua kuwa ni tabia ya watu wote wa mahali. Asiwe mdogo wako kwa madarasa mawili au matatu, kwa kuwa hana njia ya kukulipa. Wala asiwe aliyerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo katika juma hilo, ambaye moyo wake tayari umejaa. Awe ni mtu aliyekuhadaa jana au awezaye kukuhadaa kesho. Watazame Wachaga na Wapare, walio ng'ambo ya mpaka wetu wa Taveta: utani wao umedumu vizazi na vizazi, na maneno wanayoambiana yangetosha kuwapeleka watu wengine mahakamani, lakini hapana aendaye kushtaki, kwa kuwa Mchaga akisha kusema lake anajua kwamba la Mpare liko njiani. Ruhusa ya kucheka iko sawasawa pande zote mbili. Fauka ya hayo, kila kitu kilichochukuliwa kwa mzaha kirudi mikononi mwa mwenyewe kabla ya kengele ya kwenda nyumbani, maana kalamu ikilala kwako usiku mmoja jina lake hubadilika.

Mchezo wa kuanzia, kwa kuwa hauhitaji chombo wala fedha, ni ule wa nyama, ambao watoto wa Kenya takriban wote wanaujua kuucheza lakini wachache wanajua kuuongoza. Wachezaji husimama duara, kiongozi akaita nyama mara tatu, nao wakaitika kwa kuruka; kisha huwataja wanyama mmoja mmoja kwa haraka, na kila atajwapo aliwaye wote huruka na kuitika, na atajwapo asiyeliwa hutakiwa kutulia kimya, na aliyeruka kwa punda au kwa fisi hutoka mchezoni akichekwa. Kiongozi mchanga hudhani kwamba kumtaja nyoka kwa ghafula kunatosha. Hakutoshi, kwa kuwa nyoka hafanani na chochote kilichomtangulia, na sikio humkamata tangu silabi ya kwanza. Kiongozi mahiri huwazoesha wenziwe mwendo, mbuzi, kondoo, mbuzi, ng'ombe, mbuzi, kwa mapigo yasiyobadilika, hata miguu yao ikawa yaruka yenyewe bila ya kuomba idhini ya akili, ndipo kwa sauti ile ile na uso ule ule akasema mbuyu. Nusu ya duara itakuwa hewani. Vivyo hivyo kuku hutengeneza njia ya kuni, na bata hutengeneza njia ya bati. Jozi nyingine tafuta mwenyewe usiku ukiwa kitandani, na usizitumie zote siku moja.

Hapa Voi lakini lazima mpatane kabla ya kuanza, kwa kuwa mji huu, tangu reli ilipopita mwishoni mwa karne ya 19, umewakusanya Wadawida, Wasagalla, Wakamba, Waswahili, Wajaluo, Wasomali na wengineo, na mnyama anayemrusha mtoto mmoja huenda akawa haramu kwa aliye ubavuni pake. Nguruwe mwondoeni kabisa katika orodha, maana hapo mzaha hugusa dini za watu. Swara ndiye mwenye mashaka makubwa, na nimesikia mabishano juu yake yakimaliza mapumziko yote: mmoja husema ni nyama na nyama yenyewe ni tamu, mwingine husema uwindaji ulipigwa marufuku nchini mwaka 1977 na kwa hiyo swara si nyama bali ni mali ya serikali, na wa tatu humuuliza wa kwanza amejuaje kwamba ni tamu. Hukumu yangu ni kwamba atajwapo swara watu wasiruke, na atakayeruka asitolewe mchezoni, bali aachwe aeleze.

Namna ya pili ni mitego ya maswali, ambayo nguvu yake yote imo katika haraka. Muulize sahibu rangi ya karatasi, atasema nyeupe. Rangi ya pamba, nyeupe. Rangi ya unga wa ugali, nyeupe. Rangi ya wingu lile lililo juu ya mlima wa Sagalla, nyeupe. Kisha, kabla hajameza mate, muulize ng'ombe hunywa nini. Atasema maziwa, na atasema kwa yakini, na usipocheka bali ukamtazama tu itamchukua kitambo kizima kuwakumbuka ng'ombe wa shangazi yake wanavyopelekwa mtoni. Lile swali la kilo moja ya pamba na kilo moja ya mawe, ipi iliyo nzito, limechoka kwa kutumika, lakini hupata uhai mpya ukiweka katani mahali pa pamba, maana mtoto aliyekulia karibu na mashamba ya mkonge ya Voi au ya Mwatate amewaona watu wakiinama kwa uzito wa marobota, na hujibu kwa ushahidi wa macho kabla ya kupima maneno. Ama lile la treni ya umeme, moshi wake waelekea upande gani, hilo lataka hadhari. Ukimtajia treni ya Madaraka utakuwa umejihadaa mwenyewe, kwa kuwa ile iliyoanza kubeba abiria mwaka 2017 huendeshwa kwa dizeli, na mtoto wa Voi aliyeiona ikipita atakueleza moshi wake ulikwenda wapi. Basi itaje treni ya Tanzania, itokayo Dar es Salaam kwenda Dodoma, ambayo tangu mwaka 2024 huenda kwa umeme, kisha mwache mwenzio ainue kidole kupima upepo.

Upo mtego mwingine wa jamaa hiyo ambao hutaka utulivu zaidi kuliko haraka. Mwambie sahibu kwamba utamsimulia safari yako, na kwamba kila utakaponyamaza aseme "na mimi pia." Nilikwenda sokoni Jumamosi, na mimi pia. Nikanunua ndizi, na mimi pia. Nikakaa chini ya mti. Na mimi pia. Akaja tumbili akanitazama, nikamtambua kuwa ni ndugu yangu. Hapo atakuwa amekwisha kusema, au atakuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili, na namna zote mbili zinachekesha. Shuruti ya mtego huu ni kwamba hadithi iwe na vituo visivyopungua vitano visivyo na shaka ndani yake, na kwamba wewe uwe wa kwanza kuwa ndugu wa tumbili. Atakayemfanya mwenziwe tumbili akajitoa yeye amevuka kutoka mzaha hadi dhihaka, na tofauti hiyo watoto huiona upesi kuliko walimu.

Hila iliyo kongwe, na iliyo rahisi kuharibika, ni ya kumwambia mtu kwamba anaitwa na mwalimu. Wengi huiharibu kwa kuja mbio wakihema, meno nje, na kumtaja mwalimu mkali kuliko wote. Mhadaiwa huona meno na mambo huishia hapo. Njia ya sawa ni hii: pita karibu naye kama mtu aendaye kwingine, uiname ufunge kamba ya kiatu, na bila ya kuinua macho useme, "Wewe, unaitwa na mwalimu wa zamu." Atasema, "Mimi? Kuna nini?" Nawe ujibu, ungali na kamba mkononi, "Sijui bwana, amesema uje na daftari." Neno linaloshika ni daftari. Mtu aweza kulitilia shaka jina la mwalimu, lakini hatalitilia shaka daftari, kwa kuwa hawezi kuona faida ya mtu kulitunga. Ataingia darasani, atalitafuta, atafuta vumbi jekundu juu ya jalada lake, na atavuka uwanja akijaribu kukumbuka kosa lake ni lipi. Mwache avuke nusu ya uwanja, lakini umwite kabla hajafika barazani kwa walimu. Akifika mlangoni mzaha huwa umetoka mikononi mwenu, kwa kuwa aliye ndani ana kikombe cha chai mbele yake, na swali lake la kwanza litakuwa ni nani aliyekutuma.

Kwa wenye subira ipo hila ya juma zima, ambayo asili yake ni mojawapo ya hekaya za Abunuwasi zilizosimuliwa mikekani huku pwani tangu zamani: kwamba aliazima sufuria kwa jirani, akairudisha pamoja na kijisufuria akidai kwamba imezaa, na jirani akapokea kwa furaha, kisha akaazima tena, na safari hii akaja na tanzia ya kwamba sufuria imefariki, na jirani aliyekwisha kusadiki uzazi akakosa njia ya kukanusha mauti. Shuleni sufuria huwa penseli. Siku ya Jumatatu azima penseli ya sahibu, na mchana umrudishie pamoja na kipande kidogo kilichochongwa vizuri, ukimpa hongera kwa taadhima; usicheke, wala usieleze zaidi. Jumatano rudia, na kipande cha pili kiwe kifupi kuliko cha kwanza, ili asianze kutarajia utajiri. Ijumaa azima asubuhi, na saa ya chakula mwendee kwa uso wa msiba, ukiwa umeongozana na wawili watatu uliokwisha kuwapa habari, mumshike mkono na kumpa pole. Nimeona hila hii ikifanywa vizuri hata mhadaiwa mwenyewe akauliza maziko ni saa ngapi. Penseli yake irudi siku hiyo hiyo, na vile vipande viwili ni vyake.

Vitendawili navyo, ingawa mwalimu huviweka katika somo la fasihi simulizi, kiwanjani ni mchezo wa hila kuliko wa elimu, na hila yenyewe imo katika mji. Anayeshindwa kufumbua hutakiwa kutoa mji, na aliyetega hukaa humo akitamba kwa maneno, akieleza alivyopokewa, alichokula na aliyemuulizia, kabla hajatoa jibu. Mtegaji stadi hakubali mji wa kwanza. Ukimpa Maungu atasema amepita humo jana na hakukuwa na kitanda. Ukimpa Mtito Andei atasema basi haikusimama. Ukimpa Mombasa atafikiri kidogo na kukubali, kisha atakutafunia samaki masikioni hata kengele ilie. Wewe uliyeshindwa nawe unayo yako: mpe Taveta, kwa maana barabara ni ndefu, na umwombe akueleze vituo vyote vya njiani, asiyevijua hawezi kutamba. Usimpe Voi kabisa, maana utakosa pa kulala. Na kwa kuwa mtegaji asiye mwaminifu hubadili jibu kila anapoona limekaribiwa, mtake alinong'oneze kwa mtu wa tatu kabla ya kutega, au aliandike kiganjani na kufumba mkono.

Ya pakiti ya mabuyu nitaitaja kwa ufupi. Watoto wamezoea kula mabuyu yote ya rangi, kisha kuzirudisha mbegu ndani ya pakiti, kuifunga, na kuitoa zawadi kwa ukarimu usio wa kawaida. Sikatazi, lakini mbegu zilizonyonywa na mtu hazifai kuingia kinywani mwa mwingine, na vijiwe mahali pake vyaweza kuvunja jino. Jaza vipande vya karatasi vilivyofinyangwa, navyo hutoa sauti ile ile.

Sasa nije kwenye mipaka, na hapa naomba usikilize kwa masikio yote mawili. Katika miji mingine mtoto akipiga ukelele wa ndovu atachekwa yeye mwenyewe. Kwetu mbuga za Tsavo, ya Mashariki na ya Magharibi, zimechukua takriban asilimia 62 ya ardhi ya kaunti nzima, na ndovu hufika mashambani na kwenye njia za watoto waendao shule, na watu wamekufa. Kwa hiyo neno ndovu, na neno simba, na neno nyoka, ni mali ya umma ambayo hapana mtu mwenye ruhusa ya kuitumia kwa kuwatisha wenziwe. Ukilipiga kelele neno hilo mara moja kwa mzaha, watoto mia wataukimbilia mlango mmoja, na walio wadogo wataanguka chini ya miguu ya wakubwa. Ukilipiga mara tatu, siku ndovu atakapokuja kweli watu watabaki wamekaa. Mji huu u jirani na daraja la mto Tsavo ambapo mwaka 1898 simba wawili waliwala wajenzi wa reli mpaka kazi ikasimama, na sisi tulio wenyeji hatuna udhuru wa kusema hatukujua. Kamba iliyoviringishwa nyasini ikafanana na nyoka naihesabu katika fungu hilo hilo, maana mtoto aliyehadaiwa na kamba leo ataishika kesho iliyo hai.

Usitumie upupu. Nywele zake huingia ngozini, mwenye kuwashwa hujikuna hata akatoka damu, na ukimfikia machoni hapana tena mzaha wa kusimulia. Usivute kiti mtu akiwa anakaa, kwa kuwa uti wa mgongo hauna fundi. Usipake udongo juu ya dawati kwa ajili ya shati la mwenzio, si kwa sababu ya shati, bali kwa sababu ya mama yake atakayelifua mahali ambapo maji si kitu cha kuchezea.

Na wewe utakayeingia shule ya upili, hasa ya bweni, utakutana na jambo linalojivika nguo ya mzaha nalo si mzaha: mwanafunzi mpya, aitwaye mono, kuamrishwa apulize taa ya umeme hadi izimike, au apige simu nyumbani kwa kikokotoo, huku wakubwa wakiwa wamemzunguka. Kwa maneno matupu hila hizi zaweza kuchekesha kuliko zangu zote nilizozitaja. Kasoro yake ni kwamba mono hajui kama akikataa atapigwa, na hana ruhusa ya kumwambia mkubwa apulize yeye. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza mwanafunzi kutendewa ukatili wa mwili au wa nafsi, na haikubagua kama mtenda ni mwalimu au mwanafunzi mwenziwe. Ukiwa mkubwa na ukawa na hamu ya kucheka juu ya taa, ipulize wewe mbele ya hao wageni, kwa juhudi zote, na uwaombe msaada. Watacheka, na usingizi wao wa usiku ule utakuwa mzuri.

Tarehe 1 Aprili, iitwayo siku ya wajinga, huangukia mwishoni mwa muhula wa kwanza, aghalabu karibu na mitihani, na kwa maoni yangu ndiyo siku mbaya kuliko zote za kumhadaa mtu, kwa kuwa kila mmoja ameamka akijilinda. Siku hiyo kaa kimya tangu asubuhi. Kwa saa za mchana wote watakuwa wakikuzunguka kwa wasiwasi, wakichungulia chini ya viti vyao na kupapasa migongo yao kama imebandikwa karatasi, nawe hukufanya kitu.

Itafika zamu yako ya kuhadaiwa, nayo ina adabu yake. Usiseme kwamba ulijua tangu mwanzo. Hata kama ulijua, umemnyang'anya mwenzio kazi yake. Simama, tazama penye mtego, uulize alivyoufanya, na umsifu mahali panapostahili. Kisasi usikifanye siku ile ile, maana cha haraka huwa na hasira ndani; subiri juma lipite, naye akisha kusahau, pita karibu naye na kamba ya kiatu chako ikiwa imefunguka. Lakini ukiona kwamba wewe ndiwe uliyemhadaa na yeye hacheki, amenyamaza na kuchora ardhi kwa kijiti, usimwambie kwamba ilikuwa mchezo tu, kwa kuwa hilo analijua na halijamsaidia. Kaa karibu naye, mpe zamu mbele ya wale wale waliocheka, aongoze mchezo wa nyama yeye, nawe uruke kwa mbuyu hata kama umemsikia vizuri. Kisha nunua pakiti ya mabuyu ya kweli, na umpe aifungue mwenyewe.